Jua Lisimwone Mjane

Siku ya sitini na moja ya eda, Zaituni aliyasikia maji yakipita nyuma ya nyumba bila kusimama.

Ilikuwa Jumanne, zamu yao. Kila Jumanne saa mbili asubuhi mgawa maji wa skimu ya umwagiliaji alifungua lango dogo la mfereji, na maji yalipoingia kwenye majaruba yao ya mpunga yalibadili sauti. Yalikoroma kwanza, kisha yakanyamaza. Kwa miaka kumi na minne aliijua sauti ile kama alivyojua kukohoa kwa mumewe. Leo maji yalinyoosha moja kwa moja, yakateremkia kwa watu wengine, njia ya Kahe.

Alikuwa ameketi juu ya mkeka, mgongo ukutani, amejitanda kanga nyeupe. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa shuka. Kofia ya Rajabu bado ilining'inia kwenye msumari wake. Rajabu alikuwa dereva wa lori la mchanga mjini Moshi, na lori lile ndilo lililomlalia kwenye kona ya Himo. Yeye aliendesha, mkewe alilima. Majaruba yote manne ya shamba namba 214 yalisawazishwa na mikono ya Zaituni. Matuta yake aliyakanyaga mwenyewe, akiwa na Zulfa mgongoni.

Hidaya aliingia na bakuli la makande.

"Wifi, maji yamepita," Zaituni alisema.

"Yapite. Shamba tupu linywe maji ya nini?"

"Na kitalu?"

"Mbegu ulizonipa ninazo, msimu ukifika nitaziloweka. Kaka Mbwana atasia. Wewe kula."

Hidaya alikuwa dada wa marehemu. Aliolewa mara mbili, akaachwa mara mbili, akarudi kuishi chumba cha uani. Tangu siku ya mazishi yeye ndiye aliyemfulia Zaituni, akampikia, akamtekea maji ya kutawadhia. Wageni wakikaa sana, aliwatoa. Na si mara ya kwanza kumshika mkono. Miaka kumi na saba iliyopita, Zaituni alipoteremka kutoka Kibosho akiwa bado anaitwa Kornelia, ni Hidaya aliyemfundisha kutia udhu, kusimama kwenye swala, kutamka Alhamdu bila kuchanganya herufi. Aliketi naye jikoni mwaka mzima, akimrekebisha huku wanachambua mchele. Dini yote aliyokuwa nayo Zaituni ilipita kwanza kinywani mwa Hidaya.

"Skimu wanahakiki mashamba," Hidaya alisema, akichukua pindo la kanga ya Zaituni na kulirudisha mahali pake. "Kila mwenye shamba afike na kadi, apigwe picha. Aliyekufa, aje mrithi wake. Mwisho Ijumaa."

Zaituni aliweka bakuli chini.

"Nitakwenda kesho. Nitajifunika gubigubi, Zulfa atanishika mkono. Ofisi ni hapo tu."

Hidaya alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeingia msikitini na viatu.

"Wifi. Jua lisimwone mjane wa eda. Unataka kaka yangu alale vibaya huko alipo?"

"Basi muulize sheikh."

"Nitamuuliza."

Alikwenda baada ya alasiri. Zaituni alimwona kwa upenyo wa shuka akivuka uwanja, baibui lake jeusi, mwendo wake wa haraka. Akarudi kabla ya magharibi.

"Kasema ukae," alisema.

Zaituni akakaa.

Jumatano Aikaeli aliingia kwa mlango wa jikoni na mkungu mdogo wa ndizi mshare. Alikuwa Mlutheri, mjane wa miaka mingi, na shamba lake na la Zaituni yaligawana tuta moja.

"Pole na kukaa, Mama Zulfa. Foleni ya ofisini imefika barabarani. Wewe huendi?"

"Niko eda."

"Naona. Nauliza huendi?"

"Sheikh amesema nikae."

"Amekuambia wewe?"

"Aikaeli, usiingilie usilolijua."

"Silijui, kweli." Aikaeli alitua mkungu. "Ninachokijua ni ile ofisi. Haimjui mtu isipokuwa aliyesimama mbele yake. Mimi hapa nimepigwa picha na makengeza yangu yote, na sijasikia malaika yeyote ameanguka."

Zamani Zaituni angecheka. Lakini ndani yake kulikuwa na yule Kornelia wa Kibosho ambaye kwa miaka kumi na saba watu wa msikitini walikuwa wakimwangalia kama atateleza. Hakuwa tayari kuteleza mbele ya Mkristo.

"Ninyi mna yenu kanisani," alisema. "Tuachie yetu."

"Haya. Nimenyamaza." Aikaeli akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka bila kuaga sana.

Alhamisi Hidaya alileta fomu. Juu iliandikwa namba ya shamba na jina la marehemu. Katikati palikuwa na mstari: *Jina la mrithi*. Palikuwa wazi. Chini kabisa, mahali pa sahihi ya mjane.

"Hapa katikati si aandikwe Zulfa na mimi?" Zaituni aliuliza.

"Anaandika katibu mwenyewe, anataka namba ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Nimekichukua, hiki hapa. Kaka Mbwana atapeleka vyote pamoja, na kadi."

Zulfa, aliyekuwa kidato cha tatu, alinyanyua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Mama, mwalimu wa uraia anasema usitie sahihi karatasi yenye nafasi."

"Mwalimu wako ana shamba?" Hidaya alimuuliza kwa upole. "Shangazi yako ndiye wa kuogopwa?"

Zulfa akainama. Zaituni aliomba kalamu, akaweka karatasi juu ya msahafu uliokuwa karibu, akakumbuka, akauondoa msahafu, akaweka karatasi juu ya goti. Akatia sahihi.

*

Siku ya kutoka eda Hidaya alimwogesha. Alimwagia maji ya uvuguvugu, akamsugua mgongo kwa dodoki, akamsuka mistari minne, akamfunga kanga mpya. Wanawake waliosali pamoja nao walikuja, wakala pilau, wakasoma dua. Zaituni alilia kidogo. Hidaya alimfuta machozi kwa kiganja chake mwenyewe.

Kesho yake, jua likiwa bado chini na mlima uko wazi mpaka kileleni, Zaituni alichukua jembe akaenda shambani.

Pawatila, lile trekta dogo la kusukumwa kwa mikono, ilikuwa inachavanga tope la jaruba la pili. Maji yalikuwa yameshajazwa, tope limelainika kama uji. Kwenye kona ya juu kitalu kilikuwa kimeota, miche ya kijani kibichi, mbegu yake ileile aliyoihifadhi chini ya kitanda. Kwa muda moyo wake ulifurahi. Kisha alimwona Mbwana, kaka mkubwa wa marehemu, amesimama juu ya tuta na viatu vya mvua, anamwelekeza dereva.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umetoka salama?"

"Salama. Ahsante kwa kunianzia kazi. Sasa nimekuja, nitaendelea."

Mbwana alikohoa. Aliangalia pawatila mpaka ikafika mwisho wa jaruba na kugeuka.

"Shemeji, wewe pumzika. Shamba hili limesharudi kwenye ukoo."

"Limerudi kutoka wapi?"

"Rajabu hakuacha mtoto wa kiume. Kwetu Usangi shamba halivai kanga. Zulfa ataolewa, ataondoka na shamba kwenda kwa watu? Nyumbani kaeni, siwafukuzi. Mchele wa kula nitawatolea."

"Dini imesema mke thumuni, binti nusu," Zaituni alisema. "Linalobaki ni lako na Hidaya. Wewe fungu lako lipo, sikunyimi."

"Dini umeijua lini wewe?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemkumbusha mtu umri wake. "Haya mambo ya shamba ni mila."

"Na eda niliyokaa ilikuwa nini?"

Dereva wa pawatila alipunguza mafuta ili asikie vizuri. Mbwana alimpungia mkono aendelee, na mlio wa injini ukapanda tena.

Katibu wa skimu aliitwa Godlove, kijana nadhifu aliyepanga kalamu zake kwa rangi. Alitoa faili, akaifungua, akaigeuza ili Zaituni asome mwenyewe. Pale palipokuwa wazi paliandikwa jina la Mbwana kwa wino wa bluu. Cheti cha Zulfa hakikuwemo.

"Sahihi hii ni yako, mama?"

"Yangu. Lakini hapa hapakuwa na jina."

"Mimi ilinifikia hivi. Ungekuja mwenyewe ningekuuliza, tungeandika ulivyotaka."

"Nilikuwa eda."

Godlove alimtazama, kisha akafungua faili nyingine, kama mtu ambaye hakutaka kusema lakini karatasi inamlazimisha.

"Wiki ile walikuja wajane wawili wa Kiislamu, wote eda. Huyu Bi Tunu alikuja na sheikh wenu amemsindikiza. Alikaa pale kwenye benchi, tukampa nafasi ya mbele, tukampiga picha, akaenda zake. Dakika kumi hazikufika."

Kwenye picha Bi Tunu alikuwa amejitanda nyeupe. Uso wake ulionekana wote.

"Nifanye nini?" Zaituni aliuliza.

"Uende mahakama ya mwanzo, upinge. Watakutaka muhtasari wa kikao cha ukoo."

"Nani anautoa?"

"Mwenyekiti wa ukoo."

Zaituni hakuuliza ni nani. Alimshukuru, akatoka.

Sheikh alimpokea kibarazani kwa madrasa, chini ya bati jipya. Watoto walikuwa wanasoma ndani kwa sauti moja.

"Sheikh, nilipokuwa eda uliulizwa kama naweza kutoka kwenda ofisini?"

"Na nani?"

"Wifi yangu Hidaya. Jumanne moja, baada ya alasiri."

Sheikh alifikiri kwa uaminifu. Alikuwa mtu asiyependa kusema uongo.

"Alikuja, ndiyo. Aliuliza kama saruji imefika. Ile aliyoitoa kaka yao Mbwana, ya sakafu hii. La kutoka kwako hakuniuliza. Angeuliza ningemwambia: mchana, kwa haja, mjane anatoka, mradi arudi kulala nyumbani kwake. Hilo halina ubishi."

"Na thumuni yangu? Na nusu ya Zulfa?"

"Hilo limo ndani ya Kitabu. Nani atalikataa?"

"Amelikataa Mbwana. Niandikie, sheikh. Karatasi moja tu, niipeleke mahakamani."

Vidole vya sheikh vilisogeza tasbihi punje moja, kisha nyingine.

"Barua ya mirathi huombwa na msimamizi wa mirathi, Mama Zulfa. Ukoo ulikaa wewe ukiwa ndani, ukamteua Mbwana. Mimi nilisoma dua."

"Ulipoisoma uliuliza mke yuko wapi?"

"Niliambiwa yuko eda, na ameridhia." Aliangalia sakafu ya saruji, laini, iliyopigwa maji vizuri. "Nitazungumza naye. Baada ya Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"

Ndani watoto walifika mwisho wa sura, wakaanza upya. Sheikh aliinuka kwenda kuwasikiliza.

Njiani Zaituni alimpigia simu kaka yake Primus, Kibosho. Hawakuwa wamezungumza tangu msibani. Primus alimsikiliza mpaka mwisho, akasema arudi nyumbani akipenda, chumba cha mama kipo. Zaituni akauliza kuhusu kile kipande cha kihamba, shamba la migomba la ukoo, karibu na mfereji, alichokuwa akilima na mama yao, kama angeweza kupanda kitu. Primus akasema kihamba ni cha wanaume, na kwamba hata angebaki Kornelia jibu lingekuwa hilohilo. Alilisema hilo kama faraja.

Hidaya alikuwa jikoni, ungo magotini, anachambua mchele. Hakunyanyua macho.

"Sheikh hukumuuliza," Zaituni alisema.

Vidole viliendelea. Jiwe, chuya, jiwe.

"Ulinifundisha Alhamdu hapa hapa. Nikikosea ulinipiga begani na mwiko, tukacheka. Hata siku moja sikukuuliza umeyatoa wapi unayonifundisha. Ulivyosema ndivyo nilivyoamini."

"Kaa, wifi."

"Nimeshakaa. Siku mia moja na thelathini."

Hidaya aliweka ungo chini.

"Baba yetu alipokufa," alisema, "aliacha mashamba mawili. Sheikh wa wakati ule alisoma mafungu mbele ya watu, na mimi nilikuwa na fungu langu. Nililisikia kwa masikio yangu. Mbwana akachukua moja, mumeo akachukua hili. Nikamlilia mumeo. Siku hiyo hiyo nilikuwa nimerudi na talaka ya pili, begi liko mlangoni. Unakumbuka aliniambia nini?"

Zaituni alikumbuka.

"Aliniambia, utaolewa tena. Na wewe ulikuwa umekaa pale." Alionyesha kigoda kwa kidevu. "Unamenya ndizi. Hukunyanyua hata kichwa. Mila yetu, ukasema. Ulikuwa umeijua kwa miaka mitatu tu, lakini uliijua."

"Kwa hiyo umenilipa."

"Sijakulipa. Nimechoka kulala chumba cha uani kwa hisani ya watu. Mbwana ameniahidi jaruba moja. Lile la chini, lenye magadi, baya kuliko yote." Alinyanyua kidole kimoja. "Jaruba moja, wifi. Nina miaka hamsini na mbili."

"Amekuandikia?"

Hidaya alirudisha ungo magotini. Mchele ulikuwa umeshachambuliwa wote, lakini aliendelea kuupekua.

"Yeye ni kaka yangu," alisema.

*

Wiki ya pili miche ikawa tayari. Ndani ya nyumba mchele wa kula alioahidi Mbwana ulikuwa haujafika, na Zulfa alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa sababu ya mchango wa chakula cha mchana. Aikaeli alipita asubuhi na mapema, kanga imefungwa juu ya magoti.

"Wanapandikiza leo pale kwako," alisema. Hakusema pale kwa Mbwana. "Wanatafuta watu. Mimi naenda. Wewe sikuambii lolote, nilishanyamaza tangu siku ile."

Zaituni alikwenda.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wameshajipanga kwenye jaruba la kwanza, kila mmoja na fungu la miche mkono wa kushoto. Hidaya alikuwa mmoja wao, mwisho wa mstari, matope mpaka magotini. Jaruba la chini, lile la magadi, lilikuwa limeshapandwa siku iliyotangulia, na kibao cha mpaka wa shamba namba 214 kilichopigwa rangi upya kilisimama ng'ambo yake, kikiwa na jina la Mbwana peke yake.

Hidaya alimwona akija. Alisogea hatua moja pembeni, pakapatikana nafasi.

Zaituni alivua ndala, akaingia. Tope lilikuwa baridi na lilimjua mguu. Alipokea fungu la miche, akainama. Hakuna aliyemwambia pole, na alishukuru. Anayepandikiza mpunga haendi mbele. Huchomeka miche mitatu, minne, akarudi nyuma hatua moja, akachomeka tena, na aliyoyafanya yote yanabaki mbele ya macho yake kwa mstari ulionyooka huku yeye akizidi kuondoka. Mstari wake ulinyooka kuliko yote. Aikaeli kulia kwake alihema na kusimulia habari za ng'ombe wake aliyegoma kukamuliwa. Hidaya alikuwa kushoto kwake. Mara mbili mikono yao iligusana ndani ya maji wakitafuta mahali pa mche uleule, na mara zote mbili Hidaya ndiye aliyeuondoa wake.

Jua lilipanda. Lilimpiga Zaituni kisogoni, mgongoni, kwenye mikono yake mitupu, mbele ya wanaume wanaopita na baiskeli barabarani na mgawa maji na dereva wa pawatila. Hakuna aliyemkataza.

Alirudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka kisigino chake kikagota kitu kigumu. Hakuhitaji kugeuka. Lilikuwa tuta la mashariki, lenye kiuno kidogo katikati pale alipolikanyaga akiwa na mtoto mgongoni miaka kumi na minne iliyopita na likashuka, akaliacha hivyo. Aliuweka mguu juu yake ili anyooshe kiuno.

"Shemeji," Mbwana alisema kutoka juu, kwa sauti ya heshima. "Angalia usinibomolee tuta."

Zaituni aliushusha mguu, akaurudisha kwenye tope.